Mgeni Aliyefungwa Mdomo kwa Nta

Njoo ukae hapa karibu, maana habari hii haifai kupigiwa kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Tangu nirudi Mwankoko, kila ninayekutana naye kisimani ananiuliza neno lile lile: "Mwalimu, mtoto yuko wapi?" Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa midomo iliyobenuka. Mke wa mzee wa kanisa hakuuliza kabisa. Aliniletea nguo za kichanga, akaziweka mlangoni, akaondoka bila kugeuka nyuma. Namshukuru kwa moyo wake mwema. Lakini mimi, ambaye sijaolewa, sikujifungua njiani, na yule aliyeonekana mgongoni mwangu hakuwa wa kuvishwa kofia ya sufu. Nitaeleza hatua kwa hatua. Atakayeachwa nyuma anivute kanga, nitarudi kumchukua.

Sekenke: watani wanamkamata Mgeni

Bibi yangu mzaa baba alifariki Sekenke, mavuno yalipokwisha. Katika sanduku lake la bati mlikutwa kanga, Biblia iliyopoteza jalada, na mwanasesere wa kale ambaye sote tulimjua kwa jina la Mgeni. Urefu wake ni kuanzia kiwiko changu hadi ncha za vidole. Kichwa ni cha kauri, macho ni ya kioo, ya buluu, na nywele za kahawia zimebaki hapa na pale kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Mwili ni wa ngozi ya mbuzi. Mdomo uko wazi kidogo, una meno madogo, na mahali palipong'oka jino moja pamezibwa kwa nta ya nyuki iliyokuwa nyeusi kwa uzee.

Kuhusu Mgeni, Bibi alikuwa na hadithi moja na hakuwahi kuibadilisha. Alipokuwa msichana alimlea binti wa msimamizi wa mgodi, Mjerumani. Yeye na yule mtoto walikuwa wakimlisha Mgeni vijiwe vinavyong'aa vya mgodini, wakivipitisha kwenye pengo la jino. Vita ilipowaondoa wazungu wale, mtoto alimwachia Bibi mwanasesere, na Bibi akaliziba pengo. "Nilimfunga mdomo," alikuwa akisema, "asije akala kwa mtu mwingine."

Sasa, kwa wasioujua utani wa koo, nieleze. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka. Ukifiwa, yeye ndiye anayelala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Tena ana haki ya kukamata mali ya marehemu, na nyinyi mnatakiwa kuikomboa kabla ya kuondoa tanga siku ya arobaini. Mkishindwa, mali ni yake na kicheko pia ni chake.

Mtani wetu mkuu ni Bi Zaina, mama wa makamo anayenusa ugoro na kupiga chafya kama bunduki. Siku ya mazishi alijipenyeza ndani, akatoka amemwinua Mgeni juu kama bendera.

"Nimemkamata mtoto wa mwongo!" alitangaza. "Huyu ndiye aliyekula mawe! Kafungwa mdomo asije akasema alinunuliwa dukani Singida!"

Waombolezaji walicheka mpaka kilio kikakatika. Shangazi Monika, binti wa Bibi, aliyemuuguza mama yake mpaka mwisho, hakucheka.

"Unataka nini, mtani?" aliuliza.

"Kama ni wa Mjerumani kweli, nataka mtamba wako. Kama ni wa dukani, nipe kuku tu, hata akiwa mgonjwa. Mimi sina tamaa."

Ona mtego ulivyotegwa. Shangazi ana mtamba mmoja, mwekundu mwenye paji jeupe, na huyo ndiye tumaini lake lote la maziwa katika kijiji kipya cha ujamaa alikotakiwa kuhamia. Ikionekana Bibi alisema kweli, mtamba anakwenda. Ikionekana alidanganya, mtamba anabaki.

"Nikitoa kuku," Shangazi aliniambia jikoni, "nimemwita mama mwongo mbele ya watu, na hawa watalirudia jambo hilo mpaka wajukuu zako wazeeke. Nikitoa mtamba kwa kitu cha dukani, mjinga wa Iramba nzima ni mimi. Nenda ukamtafute mtu anayejua vitu hivi. Akisema ni wa kweli, mtamba atatoka na sitalia."

"Na mimi nitakwenda," ilisema sauti ya Bi Zaina nyuma ya ukuta, alikokuwa akisikiliza bila aibu. "Nani atalinda mtamba wangu?"

Mlima Sekenke: mzazi mbichi

Asubuhi tulikutana barabarani. Heshima ni heshima hata kwenye utani, kwa hiyo nilianza vizuri.

"Shikamoo, mwizi wa misibani."

"Marahaba, mjukuu wa mwongo. Umelalaje?"

Tulibishana kwanza nani ambebe Mgeni. Bi Zaina alikataa katakata. Akivunjika mikononi mwake, alisema, tutadai mtani kavunja ushahidi. Kumtia kwenye kikapu juu ya lori hakufai, maana kauri haivumilii kusukwasukwa. Mwishowe nilimfunga mgongoni kama Bibi alivyokuwa akifanya, kanga moja ya kumbebea na nyingine ya kumfunika kichwa. Nawaambia kweli, hakuna sanduku linalolinda kitu kama mgongo wa mtu.

Lori lilikuwa la magunia ya karanga. Katikati ya mlima liliguna, likasimama, likaanza kurudi nyuma. Utingo aliruka na kuweka jiwe nyuma ya tairi, dereva akatuamuru sote tushuke tusukume. Nilikuwa nimeshakunja mikono Bi Zaina aliposhika kiuno na kupaza sauti.

"Hivi nyinyi wanaume hamna mama? Mnamsukumisha mzazi mbichi? Hata kitovu cha mtoto hakijaanguka!"

Wanaume waliniomba radhi mmoja mmoja. Nilikalishwa kivulini kwenye mwamba, nikapewa karanga za kuchemsha na maziwa mgando ya mtu ambaye alikuwa akiyapeleka kwa mkwewe. Bi Zaina alikaa pembeni yangu kama bibi wa mtoto, akatafuna sehemu yake na nusu ya sehemu yangu, huku wenzetu wakisukuma lori na kutokwa jasho.

"Ukiniumbua sasa," alininong'oneza, "tutasukuma wote wawili. Tafuna."

Nilitafuna. Tatizo lilianza tulipopanda tena. Mzee mmoja mwenye kofia ya mkeka, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, alitaka kumbariki mtoto. Aliinua ukingo wa kanga kwa kidole. Nilisikia pumzi yake ikikatika.

"Ana macho ya buluu," alisema.

Vichwa vyote viligeuka. Mama mmoja alinitazama, akatazama mbali kuelekea Shelui kana kwamba baba wa mtoto angetokea huko, akanitazama tena.

"Mambo hutokea," alisema Bi Zaina kwa huzuni kubwa, akavuta ugoro. "Tumemsamehe."

Singida mjini: dukani kwa Mzee Kanji

Tuliposhuka Singida, mtu wa kwanza kuniona alikuwa mke wa mzee wa kanisa, aliyekuja kununua sabuni. Alimwona Bi Zaina akinishika mkono kunishusha kwa uangalifu. Aliona mgongo wangu. Nilipofungua mdomo kumsalimu, yule mzee wa kofia ya mkeka alikuwa ameshashuka upande wa pili na kuanza kuhadithia. Basi hapo ndipo habari zenu zilipotoka.

Tulikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kanji, Mhindi mwenye duka la vyombo, kwa sababu Bi Zaina alidai Bibi alimnunua Mgeni kwa baba yake Kanji. Mzee Kanji alituketisha kwenye debe na gunia, akaagiza chai ya maziwa yenye tangawizi, kisha akavaa miwani. Bi Zaina alitema mate kwenye pembe ya kanga na kunyoosha mkono amfute Mgeni uso.

"Hapana! Hapana, mama!" Mzee Kanji aliruka. "Usioshe kitu cha zamani. Uchafu wake nao unasema. Ukimwosha, umemfukuza shahidi."

Alimgusisha Mgeni shavuni mwake, akamgonga paji kidogo kwa ukucha, akasikiliza.

"Ni kauri. Baridi, na mlio wake ni wa kikombe. Baba yangu aliuza wanasesere, ndiyo, lakini wale wepesi kama ganda la yai. Ukimkaribisha kwenye moto anawaka. Huyu hakutoka hapa."

"Umesikia?" nilimwambia Bi Zaina.

"Nimesikia kwamba hakutoka hapa," alijibu. "Singida ina duka moja?"

Mzee Kanji alicheka. "Mama anasema kweli. Mimi ni mwuza sufuria. Naweza kukwambia si wangu, siwezi kukwambia ni wa nani." Alitueleza kwamba upande wa Manyoni kuna misheni, na mle yumo sista mmoja mzee ambaye kila Krismasi hutengeneza sanamu za pango zilizovunjika. Aliwahi kununua gundi kwake na kumsimulia kwamba kwao Ujerumani kijiji kizima kiliishi kwa kutengeneza wanasesere.

Bi Zaina aliweka kikombe chini. "Manyoni? Miguu yangu ni mizee."

"Basi rudi, uchukue kuku."

Alisimama kabla yangu.

Mkiwa: rungu ndani ya uji

Basi lilitufikisha Mkiwa na kutuacha hapo, kwa sababu dereva alisikia mlio ambao sisi hatukuusikia. Mkiwa ni njia panda. Mtu anaweza kukaa pale akijua kila anakoweza kwenda, bila kwenda popote. Tuliketi kwa mama mmoja mwuza uji, Mama Pendo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kupasua kuni, tukasubiri gari la kwenda Manyoni. Uji ulikuwa wa uwele, umetiwa ubuyu, na viazi vitamu vilichomwa pembeni kwenye majivu. Sijui kama ni njaa, lakini sijakula viazi vitamu zaidi ya vile.

Mama Pendo alimtazama Mgeni mgongoni mwangu kwa muda.

"Mwanangu, mtoto huyu hajanyonya tangu mfike."

"Hana tabu," nilisema.

"Wala hajalia."

"Ni mpole," alisema Bi Zaina. "Kwao wote ni wapole. Wanasema uongo polepole."

Kabla sijaeleza, alitokea kijana wa mgambo na rungu lake. Habari ya macho ya buluu ilikuwa imesafiri kwa basi la mbele yetu, na njiani ilikuwa imenenepa. Sasa palikuwa na mwanamke aliyemwiba mtoto wa mzungu.

"Ndugu, simama," aliniambia kwa sauti nene aliyokuwa akiijaribu. "Mtoto huyu ni wa nani?"

"Wa marehemu bibi yangu."

Mtakubali kwamba jibu hilo, ingawa ni la kweli, halikusaidia.

"Mkamate!" alisema Bi Zaina. "Mimi namfuata tangu Sekenke. Hata mimi nasema si wake."

"Bi Zaina!"

"Kwani nimesema uongo?"

Mgambo alizunguka nyuma yangu na kufunua kanga kwa ncha ya rungu. Jua lilikuwa linapiga moja kwa moja. Macho ya kioo yalimwakia, nta nyeusi ikamkenulia katikati ya meno, na nywele chache zikasimama kwa upepo. Kijana yule alipiga yowe ambalo halikuwemo katika mafunzo yake. Alirudi nyuma, akajikwaa kwenye figa, na rungu likatumbukia katika chungu cha uji.

Sitaeleza kicheko kilichofuata. Mama Pendo alikaa chini kabisa, miguu mbele, akafuta machozi kwa mikono miwili. Kijana alipopata pumzi alicheka pia, maana hakuwa mbaya, akaenda kuchota maji ya uji mwingine bila kuambiwa. Mimi nikasimulia habari yote, tangu mgodi hadi mtamba, na watu wa njia panda wakagawanyika. Waliomwamini Bibi walikaa upande wa moto, wasiomwamini upande wa barabara, na Bi Zaina alitembea katikati akikusanya viazi kutoka pande zote mbili.

Gari la kubeba mbao lilipotokea, Mama Pendo aliingia ndani na kurudi na shanga, nyeupe na buluu, zilizosuguliwa na miaka. Zilikuwa za mama yake. Uzi ulikuwa mpya, alizitunga upya mwenyewe.

"Mtoto hapiti kwangu mara ya kwanza akaondoka shingo tupu," alisema. "Awe wa nyama, awe wa udongo." Akamfunga Mgeni shingoni, akamwambia Bi Zaina, "Na wewe mwizi, ziko ngapi nimezihesabu."

Misheni: shahidi wa jana

Tulimkuta Sista Agnesi kwenye baraza, akimgundisha punda wa pango sikio. Alikuwa mkongwe na mwembamba, na ameishi na Wagogo hata Kiswahili chake kilikuwa na Kigogo ndani. Bi Zaina, aliyekuwa amejiandaa kumdharau, alisalimiwa kwa Kigogo kirefu ambacho hakukijibu hata nusu.

Sista alimpokea Mgeni kwa mikono miwili. Alitabasamu kama mtu aliyeona jirani wa utotoni. Kabla hajamgeuza, macho yake yalitua shingoni.

"Ahaa. Shanga hizi ni za kale. Wanawake walizivaa wakati wa Wajerumani. Wakati nafika mimi zilikuwa zimeanza kupotea. Kwa hiyo mwanasesere huyu alikuwa huku tangu wakati ule. Hadithi ya bibi yenu ni ya kweli." Akamnyoosha kunirudishia.

Nilihisi mkono wa Bi Zaina ukinifinya mbavuni. Waliojua shanga zile zilitoka wapi ni yeye na mimi tu. Yeye alikuwa ameshamwona mtamba akitembea kwenda kwake. Na mimi? Jina la Bibi lilikuwa limesafishwa, na lililosafishwa kwa neno la sista nani angelichafua? Ningenyamaza tu, tungepanda gari.

Lakini nilimfikiria Shangazi. Kutoa ng'ombe kwa ajili ya ukweli ni jambo zuri na zito. Kumtoa kwa ajili ya shanga za Mama Pendo ni jambo jingine.

"Sista," nilisema, "shanga hizo amefungwa jana. Mkiwa. Na mama mwuza uji."

Bi Zaina alipiga chafya ya hasira. Sista alinitazama, akazitazama shanga, kisha akaanza kucheka kwa ndani, mabega yakitikisika.

"Basi mimi mzee nimekamatwa. Shanga ni za kale, ila zimefika jana." Alizifungua na kuziweka mezani. "Shahidi mmoja ametudanganya. Tuwaulize wote upya."

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo nilipojifunza. Sista hakuanza na nguo wala mwili, kwa sababu vitu hivyo hubadilishwa. Alianza na uso. Alituonyesha nyusi: si mstari mmoja, ni vistari vingi vyembamba kama vya manyoya, kila kimoja kimechorwa peke yake. Mama yake, alisema, alikuwa akichora nyusi kama hizo jikoni, mezani. Wanasesere wa baadaye, wa haraka haraka, walipigwa mstari mmoja tu. Kisha akainua nywele taratibu. Nyuma ya shingo, chini ya gundi ya kale, palikuwa na herufi na namba zilizobonyezwa kauri ikiwa bado mbichi.

"Hii haiwekwi jana," alisema. "Inaingia kabla ya tanuri. Kiwanda hiki nakijua. Kilikuwa bonde la pili kutoka kwetu. Kichwa kimetengenezwa kabla ya vita ile ya kwanza."

"Kinaweza kuwa kimeletwa baadaye," alisema Bi Zaina haraka. Nilimshangaa. Mtamba alikuwa mikononi mwake, naye akabisha. Lakini mtani ni mtani. Ubishi ukiisha, atakula nini?

"Kinaweza," Sista alikubali. Akamtikisa Mgeni karibu na sikio. Ndani kilisikika kitu.

"Sote twakijua kikohozi chake hicho," nilisema.

"Wanasesere wa aina hii wana risasi ndani, kipande kizito cha kufumba na kufumbua macho. Nacho hugonga: tok. Huyu anasema tok, halafu anasema chakacha." Alichukua kisu chembamba, akailegeza gundi kidogo kidogo, akaondoa nywele na kizibo kilichokuwa chini yake. Alikishika kichwa kwenye mwanga wa dirisha kwanza, kutafuta ufa. Hakukuwa na ufa. Kisha akakiinamisha juu ya kitambaa cheupe.

Vilidondoka vijiwe. Vidogo kama punje za mtama, vingine kama choroko, na vilipogusa mwanga viling'aa manjano.

 Nilisikia kuku nje. Nilimwona Bibi, msichana mwembamba, amechuchumaa na mtoto mwingine juu ya mawe ya Sekenke, wakimbembeleza Mgeni ale.

"Dhahabu!" alipiga ukelele Bi Zaina, akakikamata kimoja na kukiuma. Kilivunjika. Alibaki na mchanga mweusi kwenye meno.

"Hiyo si dhahabu, mama," alisema Sista. "Dhahabu hubonyea, haivunjiki. Hilo ni jiwe linalokaa na dhahabu na kujifanya dhahabu. Migodini limejaa." Aliukagua mdomo wa Mgeni. "Na nta hii ni ya zamani sana. Imefunga kwa nje, vijiwe viko ndani. Aliyelishwa amelishwa kabla ya kufungwa mdomo. Bibi yenu alisema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo," nilisema.

Bi Zaina alitema mchanga kwenye kiganja, akautazama. "Kweli alikula mawe," alisema polepole. "Yule mwanamke."

Nilikumbuka kuuliza thamani. Sista alitikisa kichwa. Kwao, wakusanyaji wa vitu vya kale wanataka kichwa na mwili vilivyozaliwa pamoja. Mwili wa Mgeni wa kwanza ulikwisha zamani, na Bibi akamshonea wa ngozi ya mbuzi, akaujaza makapi ya mtama.

"Kichwa ni cha kweli kabisa," alisema. "Mwili ni wa Sekenke. Kwa mnunuzi wa Ulaya, huyu ni nusu."

Alivirudisha vijiwe ndani na kugundisha kila kitu mahali pake, akatupa ugali na mlenda. Bi Zaina alikula sehemu yake tu, yangu akaniachia.

Sekenke tena: kichwa cha mtamba

Kurudi hakukuwa na shida, isipokuwa kwamba Mkiwa nzima ilisimama barabarani kusikia hukumu, na waliokaa upande wa barabara wakalazimishwa kuwanunulia uji waliokaa upande wa moto.

Siku ya arobaini Shangazi alikuwa amemfunga mtamba kwenye mti wa ua. Alikuwa amemwosha. Watu walipokwisha kula, Bi Zaina alisimama katikati, Mgeni mkononi. Tulisubiri matusi.

"Nilikwenda Manyoni kumtafuta mwongo," alisema. "Nimetembea, nimekula vumbi, nimeuma mawe. Sikumpata. Bibi yenu alisema kweli, na mimi mtani wake ndiye ninayesema. Anayebisha aje kwangu." Alimtikisa Mgeni mbele yao, chakacha. Kisha akajipangusa pua. "Haya. Mtamba wangu yuko wapi?"

Shangazi alikwenda kuifungua kamba. Nilijua kuna neno moja sijalisema, na nililazimika kulisema.

"Shangazi, Sista alisema kichwa ni cha kweli. Mwili alisema si wa Mjerumani, ni wa mbuzi."

Mkono wa Shangazi ulisimama kwenye fundo. Aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona akitabasamu, na tabasamu lilikuwa la Bibi mwenyewe.

"Kumbe kichwa tu?" alisema. "Haki ni haki, mtani. Chukua kichwa cha mtamba. Mwili niachie."

Ua mzima ulilipuka. Bi Zaina alimzunguka mtamba, akamtazama mbele, akamtazama nyuma, akavuta ugoro.

"Nimekubali," alisema. "Lakini leo sichinji. Kichwa changu kikae hapa mpaka nikihitaji." Alitoa zile shanga za Mama Pendo, alizoziokota mezani kwa Sista, akazifunga kwenye pembe. "Hii ndiyo alama. Kila nikipita nitakuja kukisalimia, na mwenye kichwa hapewi maji matupu. Anapewa maziwa."

"Njoo tu," alijibu Shangazi. "Ila kichwa chako ndicho kinachokula. Ukija, uje na majani."

Shangazi alirudishiwa Mgeni. Nta ya kale ilikuwa imepata ufa kwa safari, kwa hiyo Shangazi alikanda nyingine, laini, akaiongezea kwa kidole gumba. "Usije ukala kwa mtu mwingine," alimwambia.

Nasikia mtamba amehamia salama kijiji kipya, na ana mimba. Nasikia pia Bi Zaina alipita huko wiki iliyopita na majani mkononi, ambayo yangetosha sungura, akakisalimia kichwa chake na kunywa vibuyu viwili vya mgando.

Nguo za kichanga nimezifua. Mwenye mtoto wa kweli aje azichukue. Nawe unayehifadhi mwanasesere wa bibi yako sandukuni, usimwoshe na usimvishe kitu kipya. Mpeleke penye mwanga, inua nywele zake taratibu, uanze kusoma nyuma ya shingo.